Hakulala Vibaya

Mzazi akiniletea mtoto mwenye shingo iliyopinda, sianzi na shingo. Nauliza: wiki mbili zilizopita aliumwa nini? Wengi hunikazia macho. Wamepanda daladala mbili kuja kuonyesha shingo, nami nawauliza habari za mafua, masikio na koo. "Alikuwa na mafindofindo, dokta, lakini yalishapona," ndilo jibu ninalolipata mara nyingi. Na kwa kuwa yalishapona, hakuna aliyeyataja dirishani, wala kwa nesi, wala kwa tabibu aliyeandika karatasi ya kuwaleta kwangu. Karatasi yenyewe imeandikwa "maumivu ya shingo, mazoezi", basi.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Si daktari, ingawa mtaani wote huniita dokta na nimeshachoka kusahihisha. Nilisomea Moshi, KCMC, na sehemu kubwa ya kazi yangu imepita upande wa Temeke, kwa watu wa Tandika, Mbagala, Chamazi na Kongowe, pamoja na kliniki za mara kwa mara upande wa Kinondoni. Mkate wetu wa kila siku ni viharusi, migongo ya wabeba mizigo, watoto wenye mtindio wa ubongo, na miguu iliyovunjwa na bodaboda. Shingo za watoto ni chache, na uchache huo ndio unaozifanya ziwe za hatari, kwa sababu mtu anayeona jambo mara moja kwa miaka hulifananisha na lile analoliona kila siku. La kila siku mtaani linajulikana: kalala vibaya. Dawa yake pia inajulikana: akandwe.

Sina ugomvi na wakandaji. Kila mtaa una bibi au mama anayejua kukanda, na wengine mikono yao ni mizuri kweli. Mama yangu mzazi nilimpeleka mwenyewe kwa mmoja wao kwa ajili ya bega. Mtu mzima aliyelalia mto mgumu, ukimkanda kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto hutamdhuru. Lakini mtoto wa miaka sita au saba aliyetoka kwenye homa juzi, mikono hiyohiyo ikimnyoosha shingo kwa nguvu inaweza kumwacha miguu haina nguvu.

Kijana wa Charambe alikuwa na miaka saba. Walikuja mshikaki: dereva wa bodaboda mbele, mtoto katikati, mama nyuma amemshika kichwa kwa mikono miwili, kwa kuwa kila shimo la barabara lilimtoa kilio. Alipoingia chumbani nilijua kabla hajakaa. Kichwa kimelalia bega la kulia, kidevu kimeelekea kushoto, vilevile anavyosimama kuku aliyesikia mwewe angani, jicho moja juu, mwili wote umetulia.

Nilimwambia atazame kalenda iliyokuwa ukutani upande wake wa kulia. Macho yalifika. Kidevu kilikuja mpaka katikati, kikagoma. Nikaweka vidole kwenye msuli mrefu unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi mfupa wa kidari, kulia kisha kushoto. Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wanaokuja kwangu kwa mafunzo huwa nawataka walihisi kwa vidole vyao wenyewe, maana kitabuni linapita haraka. Mtoto aliyezaliwa na msuli mfupi wa shingo, msuli uliokaza utaukuta upande ule ambao kichwa kimelalia, kwa sababu ndio unaokivuta. Kwa kijana huyu msuli wa kulia, upande wa bega alilolalia, ulikuwa laini kabisa. Uliokaza kama ubao ulikuwa wa kushoto, upande wa kidevu. Msuli ulikuwa unahangaika kuirudisha shingo mahali pake na haukuweza, kwa kuwa kilichokwama kilikuwa ndani zaidi, kwenye mifupa. Sasa fikiria mkandaji amekuta msuli mmoja mgumu na mmoja laini: ataushughulikia upi? Ule ule unaojitahidi. Kijana alikuwa ameshakandwa mara mbili. Mara ya tatu alikimbia akajificha chumbani kwa bibi yake, na nadhani hapo alijiokoa.

Kabla ya kumgusa zaidi nilimtazama akitembea kwenye mstari wa vigae. Nikampa vidole viwili, kila mkono vyake, avibane. Nikagonga magoti kwa nyundo ya mpira. Nikamuuliza mama kama amekojoa kitandani siku hizo, au kama mkojo unamtoka bila habari. Yote yalikuwa salama. Nikamlaza chali, nikakunja kanga mbili za mama yake nikaziweka pande mbili za kichwa, nikamwambia mama: "Hapa hamna mazoezi leo, mama. Hapa tunamhitaji daktari na picha."

Mama alikasirika kidogo, na alikuwa na haki. Karatasi ilisema mazoezi.

Shingo ina pingili saba, na mbili za juu hazifanani na wenzao. Ya kwanza, atlasi, ni pete tupu. Ya pili, aksisi, ina jino la mfupa linalopanda juu na kuingia upande wa mbele wa pete hiyo. Kano moja iliyotandwa kutoka ukingo mmoja wa pete hadi wa pili hulibana jino lisirudi nyuma. Karibu nusu ya kugeuza kichwa kulia na kushoto, kule tunakofanya tukisema "hapana", hufanyika kwenye kiungo hicho kimoja. Nyuma ya jino, ndani ya pete ileile, unapita mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka kutoka ubongoni. Wapasuaji wana kanuni yao: theluthi moja ya nafasi ya pete ni jino, theluthi moja ni mshipa, na theluthi inayobaki ni uwazi. Uwazi huo ndio akiba yote aliyonayo mtoto pingili zikihama.

Koo linaingiaje hapo? Fungua mdomo mbele ya kioo utazame ukuta wa nyuma kabisa wa koo: pingili hizo mbili ziko hapo hapo nyuma yake, karibu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1984 daktari Parke na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba mishipa midogo ya damu inayotoka nyuma ya koo inaungana moja kwa moja na ile inayozunguka jino la aksisi, na njiani hakuna tezi ya kuichuja. Koo likivimba na kuwaka, moto wake unapita humo mpaka kwenye kano. Kano hulegea. Na mtoto tayari ana kano laini kuliko mtu mzima, viungo vya shingo vilivyo bapa zaidi, na kichwa kikubwa na kizito kwa mwili wake. Akigeuka siku moja, usingizini au akicheza, atlasi inateleza juu ya aksisi na kukwama hapo. Ndiyo maana mama wa Charambe hakuwa amesema uongo: kweli mtoto aliamka asubuhi shingo imepinda. Alilala salama tu. Shingo ilishalegezwa siku kadhaa kabla.

Si ugonjwa mpya. Charles Bell wa Uingereza alieleza mwaka 1830 habari za mgonjwa mwenye kidonda cha koo ambaye pingili hizi ziliachana. Miaka 100 baadaye, 1930, Mfaransa Pierre Grisel aliandika juu ya shingo zinazopinda baada ya maradhi ya pua na koo, na mpaka leo madaktari huuita kwa jina lake. Mwaka 1977 Fielding na Hawkins waligawa mkao wa pingili hizo katika daraja nne, kuanzia ule wa kugeuka tu bila kusogea mbele hadi ule wa atlasi kurudi nyuma, na daraja hizo ndizo zinazotumika bado wapasuaji wanapozungumza kwa simu saa nane usiku.

Nasema ni nadra, na ni nadra kweli. Lakini hesabu ya Dar es Salaam lazima ifanywe kwa kuangalia makoo mangapi yanavimba. Mwaka 2008 Valérie D'Acremont na wenzake waliwapima kwa kina watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za nje hapa Dar es Salaam na Ifakara. Matokeo yalichapishwa 2014. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Malaria ilikuwa asilimia 10 na kidogo, taifodi chini ya 4. Na bado ukikaa kwenye benchi la zahanati yoyote ya pembezoni mwa jiji utasikia majibu yaleyale yakitolewa, taifodi na UTI, UTI na taifodi, na mtoto anaondoka na sindano za siku tano bila mtu kumwambia afungue mdomo. Koo halikuangaliwa, kwa hiyo koo haliandikwi, kwa hiyo shingo ikipinda wiki inayofuata hakuna wa kuunganisha.

Kuna homa nyingine ambayo koo si chanzo chake, lakini shingo inaweza kufuata. Tomisaku Kawasaki alieleza mwaka 1967 watoto 50 wa Japani wenye homa isiyoshuka, macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo iliyopasuka, ulimi mwekundu wenye vipele, vipele mwilini, viganja vilivyovimba, na tezi kubwa ya shingo upande mmoja. Madaktari huogopa ugonjwa huo kwa sababu unaharibu mishipa ya damu ya moyo. Mara chache sana shingo nayo inapinda, kwa njia ileile ya kano kulegea. Homa iliyozidi siku tano yenye dalili hizo haipaswi kumalizikia zahanati.

Halafu kuna kimeo. Hili nitalisema bila kumung'unya. Mtoto akikohoa mwezi mzima, au akitapika kila akilishwa, jirani atakuja na habari kwamba ana kimeo kirefu na yupo mtu wa kukikata. Hukatwa kwa chombo kisichochemshwa, na jeraha linabaki ndani ya koo, palepale ambapo mishipa ile inaanzia. Mwaka 2015 madaktari wa idara ya dharura ya Muhimbili walichapisha utafiti wao juu ya watoto waliofikishwa kwao baada ya kukatwa kimeo. Kulikuwa na vifo ndani yake. Damu na maambukizi ndivyo vinavyoua. Shingo iliyopinda ni kitu kidogo mbele ya hayo, lakini mtoto anayenijia na shingo ya namna hiyo namwambia mama yake kwa upole, tena mumewe na mama mkwe wakiwa wametoka nje: "Mama, sitakugombeza. Kimeo kimekatwa?" Mkwe akiwepo hutapata jibu la kweli.

Shingo zote zilizopinda si za namna moja, na nisingependa mtu asome hapa akaogopa kila mtoto anayeinamisha kichwa. Ipo ile inayoletwa na dawa ya kuzuia kutapika, metoklopramidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Plasil. Mtoto katapika, kapewa, na saa chache baadaye shingo inajinyonga, macho yanapanda juu, ulimi unatoka. Nimeikuta familia imeshaita shehe wa kusoma, kwa kuwa kweli inatisha kuiangalia. Akipewa dawa ya kuipinga analegea palepale, hata chai ya aliyemleta haijapoa. Kipo kifua kikuu cha pingili, ambacho huja polepole kwa miezi, na mtoto anakonda na kutoka jasho usiku. Yapo maambukizi ya mfupa kwa mtoto wa selimundu. Lipo jipu nyuma ya koo, na hilo ni la kukimbia nalo: mtoto mate yanamtoka, hamezi, anapumua kwa sauti, hataki kulala chali. Na ipo homa ya uti wa mgongo, ambayo shingo haipindi bali inakakamaa, kidevu hakifiki kifuani. Hizi mbili za mwisho hazisubiri zamu ya asubuhi.

Kinachoamua mwisho wa shingo ya Grisel ni siku. Ikigunduliwa ndani ya wiki ya kwanza, wengi hupona kwa kola laini, dawa ya maumivu na uvimbe, dawa ya maambukizi pale yalipo, na kutulia. Wiki zikipita mtoto hulazwa, akafungwa mkanda wa kidevu na kuvutwa taratibu kwa mzigo mdogo. Ikizidi mwezi, kuvuta kunachukua muda mrefu zaidi na shingo hupenda kurudi ilikokuwa. Ikifika miezi mitatu mjadala mara nyingi ni wa kuziunganisha pingili hizo mbili kwa upasuaji, na nusu ile ya kugeuka haipo tena maisha yake yote. Weka hesabu hiyo karibu na safari ya kawaida ya mtoto wa Mbagala: siku tatu za duka la dawa, tano za sindano, wiki ya kukandwa, na siku nyingine za kungoja baba alipwe mwisho wa mwezi. Namwelewa mtu anayesema wazazi wanachelewa, ila ningependa aje nao kwenye benchi aone walikocheleweshwa ni wapi. Kijana wa Charambe alikuwa ameshapita kwenye zahanati moja ya mtaani na kituo kimoja cha afya kabla ya kufika kwangu, na kote alipewa diklofenaki.

Picha yake ya eksirei ilipigwa mdomo wazi, ili pingili zionekane kati ya meno ya juu na ya chini. Jaribu kumwambia mtoto wa miaka saba mwenye maumivu apanue mdomo na asitikisike. Mpiga picha wetu ana ufundi wake: humwomba mtoto amwonyeshe jino lililong'oka. Katika picha ya ubavuni, daktari hupima pengo kati ya upinde wa mbele wa atlasi na jino. Kwa mtu mzima halizidi milimita 3, kwa mtoto hadi 5 hukubalika. Lake lilikuwa ndani ya kiasi, lakini jino halikukaa katikati ya pete. Akapelekwa Upanga, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, akafanyiwa kipimo cha CT, wakaona atlasi imegeuka bila kusogea mbele. Akalazwa akavutwa. Aliporudi kwangu kidevu kilikuwa katikati na hasira yote ameimalizia kwa chakula cha wodini.

Kola ilikuwa shida nyingine. Kola za shingo zinazouzwa maduka ya vifaa tiba ni za watu wazima. Ukimvalisha mtoto inamfunika mdomo. Kwa hiyo tunashona. Sponji ya godoro, ile ngumu, unene wa vidole viwili, unaipata Tandika kwa mafundi wa makochi. Unapima kutoka chini ya kidevu hadi juu ya mfupa wa kidari, na kuzunguka shingo. Unakata kwa wembe, ukiacha bonde dogo pale kidevu kinapokaa, la sivyo kola itamsukuma kichwa nyuma. Unaivika soksi ya plasta, ile ya pamba inayotangulia kabla ya plasta yenyewe, na fundi cherehani anashona velkro nyuma. Nashona mbili kila mara, moja ivaliwe nyingine ifuliwe, kwa sababu joto la Dar es Salaam na sponji haviivani na kola inayonuka itavuliwa kwa siri shuleni. Aliivaa wiki sita. Mazoezi niliyompa baadaye yalikuwa ya kusukuma kiganja changu kwa paji la uso, shingo ikiwa haisogei. Sikumgeuza kichwa kwa mikono yangu hata mara moja.

Shingo ya pili ninayotaka kuisema haipigi kelele kabisa. Ni ya binti wa Bunju, miaka kumi na moja, mwenye baridi yabisi ya watoto. Watu wengi, na nasikitika kusema hata baadhi ya wahudumu wa afya, wanaamini baridi yabisi ni ya wazee. George Frederic Still aliwaeleza watoto wa namna hii London mwaka 1897, na alitaja shingo zao ngumu. Leo kinachohesabiwa ni kiungo kilichovimba kabla ya miaka 16, kikadumu angalau wiki sita, na sababu nyingine zikatafutwa zikakosekana. Kwetu orodha ya sababu nyingine ni ndefu: kifua kikuu, selimundu, homa ya baridi yabisi inayoshika moyo, maambukizi ya mfupa. Mwaka 2020 Francis Furia na wenzake wa Muhimbili walichapisha maelezo ya watoto wenye magonjwa haya waliotibiwa hapo kwa miaka kadhaa. Hawakufika mia. Katika nchi yenye watoto wengi kama yetu, idadi hiyo inaeleza zaidi habari za wale ambao hawajafika.

Binti huyu aliletwa kwa ajili ya magoti na vifundo vya mikono. Shingo hakuitaja yeye wala mama yake. Niliiona kwa kuwa nilimwita jina lake akiwa mlangoni, na akageuka mwili mzima, mabega na kiuno, ndipo uso ukanifikia. Nikamwambia atazame dari. Alirudi nyuma kwa kiuno. Shuleni alikuwa amekaa dawati la ubavuni, na mwalimu alikuwa amelalamika kwa mama kwamba mtoto hakopi kazi ya ubaoni, ni mvivu. Hakuna aliyekuwa amejua kwamba ubao ulikuwa upande ambao shingo haiendi.

Kwa watoto hawa ugonjwa huingia kwenye viungo vidogo vya nyuma ya pingili, hasa kati ya ya pili na ya tatu, na kwa miaka pingili zinaungana zenyewe na kuwa mfupa mmoja. Kunyanyua uso huanza kupotea, kisha kugeuka. Wengine atlasi hulegea kama kwa wale wa Grisel, ila polepole. Taya nayo hudumaa, kidevu kinabaki kidogo, mdomo haufunguki vizuri. Haviumi sana, na ndiyo hatari yake: mtoto hupunguza mwendo wa shingo kidogo kidogo na hajui kwamba wenzake wanageuka zaidi. Macho pia huweza kuwaka ndani bila wekundu wala maumivu, kwa hiyo tulimpeleka hospitali ya CCBRT Msasani akachunguzwe kwa darubini, ingawa alisema anaona vizuri.

Daktari wake Muhimbili alimwanzishia methotreksati. Ni vidonge vidogo vya njano, na huliwa siku moja tu kwa wiki. Nairudia kwa kila mzazi, kwa kuwa duka la dawa likiandika "moja mara moja" kwenye pakiti kwa mazoea, mtoto akala kila siku, dawa hiyohiyo inaua uboho wa mifupa. Mama wa Bunju amechagua Jumapili, wakitoka kanisani. Foliki asidi humpa siku nyingine.

Fedha ni habari yake. Sera ya msamaha wa gharama za matibabu inamgusa mtoto aliye chini ya miaka mitano. Huyu ana kumi na moja. Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, iliyokuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ilimbeba mpaka ilipokaribia kuisha, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisimamishwa, wazazi wakaambiwa watoto wasajiliwe kupitia shule. Shule yake haikuwa imejipanga. Ofisi ya ustawi wa jamii ilimsaidia mara kadhaa, mara nyingine mama aliuza vitenge alivyokuwa anauza kwa rejareja kwa bei ya hasara. Katika kipindi hicho dawa ilikatika, na magoti yalitujulisha ndani ya muda mfupi. Shingo haikutujulisha lolote. Ilizidi kuungana kimyakimya, na picha iliyofuata ilionyesha hivyo.

Jambo moja limebaki, na mama yake amelielewa kuliko wahudumu wengi. Mtoto huyu akihitaji upasuaji wowote, wa goti, wa meno, hata wa dharura ya kidole tumbo usiku wa manane, mtu wa dawa ya usingizi atataka kumrudisha kichwa nyuma na kumfungua taya ili aingize mpira wa hewa. Shingo hiyo hairudi nyuma, na taya haifunguki. Akilazimishwa, kitakachovunjika au kuhama ni pale penye mshipa mkuu. Kwa hiyo kwenye jalada la daftari lake la kliniki, lile la kaunta kwaya, nimeandika kwa kalamu nyekundu: SHINGO HAIRUDI NYUMA, PICHA ZIPO MOI, MWITE MTU WA USINGIZI MAPEMA. Mama akaniuliza kama aandike na kwenye begi la shule. Nikamwambia aandike.